Betri ya akiba nyumbani umeme unapokatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vifaa vya kawaida vya nyumbani: ruta, taa, runinga, king'amuzi, kompyuta, feni na simu. Hesabu zote ni za umeme wa volti 230 hadi 240 wenye mizunguko 50, yaani huu wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Mafundi wengi huanza kwa kukuuliza una shilingi ngapi. Sisi tunaanza na mambo mawili: vifaa vyako vinakula wati-saa ngapi, na umeme ukirudi unakaa muda gani kabla ya kukatika tena.

## Mwanzo kabisa

1. UPS, inveta na pawa steshini vinatofautianaje?

UPS ni boksi lenye betri ndogo ndani, na kazi yake ni kushika umeme papo hapo ili kompyuta isizimike ghafla. Hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Ukiitegemea kuangalia mechi nzima itakuaibisha kabla ya mapumziko.

Inveta hubadilisha umeme wa betri (volti 12, 24 au 48) kuwa umeme wa ukutani. Betri iko nje, kwa hiyo muda unaupanga mwenyewe kwa ukubwa wa betri unayonunua. Hakikisha inveta ina chaja ndani na inahama yenyewe umeme unapokatika. Zile ndogo za kuchomeka kwenye gari hazina hivyo viwili.

Pawa steshini ni betri ya lithiamu, inveta na chaja katika boksi moja la kubeba. Kwa wati-saa zilezile ni ghali kuliko kununua vipande, lakini mpangaji anahama nayo na haigusi nyaya za mwenye nyumba.

2. Wati-saa ni nini, na kwa nini msinieleze kwa ampea tu?

Wati-saa ni wati za kifaa mara saa unazokitumia. Taa ya wati 9 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 36. Ampea-saa peke yake haikuambii kitu mpaka ujue volti: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ilhali pawabenki ya milliampea-saa 20,000, ambayo seli zake ni za volti 3.7, ina 74 tu. Namba kubwa kwenye boksi isikutishe wala isikufurahishe kabla hujazidisha.

3. Vifaa vyangu vinakula kiasi gani?

Soma kibandiko cha nyuma au cha adapta. Kikisema volti 12 na ampea 1.5, zidisha: wati 18 ndiyo juu kabisa, na mara nyingi matumizi halisi ni nusu yake au zaidi kidogo. Kwa makadirio: ruta ya fiba wati 8 hadi 12, king'amuzi 10 hadi 15, runinga ya LED ya inchi 32 wati 30 hadi 50, kompyuta mpakato 45 hadi 65 ikiwa inachaji, feni ya kusimama 50 hadi 75, taa ya LED 5 hadi 9.

Pasi, birika, jiko la umeme na hita ya bafuni vitoe kwenye orodha. Birika la wati 2,000 kwa dakika tano linakula karibu sawa na ruta ya saa 16. Chai pika kwa gesi.

4. Nihesabu saa ngapi?

Inategemea umeme wa kwenu unakatika namna gani. Kuna kule kuruka kwa sekunde kunakozima ruta na kompyuta. UPS ndogo inatosha. Kuna mgao na matengenezo, saa 4 hadi 10. Halafu kuna gridi nzima kuanguka, kama Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 au Tanzania tarehe 1 Aprili 2024. Unguja ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa bila umeme wa bara kwa miezi mitatu.

Nunua kwa ajili ya lile linalotokea kila wiki. Anayenunua betri kwa ajili ya balaa la mara moja katika miaka mitano analipia uzito uliolala chini ya ngazi.

## Kupima ukubwa

5. Nipeni mfano wa hesabu kamili.

Tuchukue sebule ya kawaida: ruta wati 15 pamoja na kile kiboksi cha fiba, runinga 40, king'amuzi 12, taa tatu za wati 7 (jumla 21), kompyuta mpakato 45. Jumla wati 133. Kwa saa 4 ni wati-saa 532.

Inveta yenyewe inakula. Gawanya kwa 0.85: unapata karibu 626. Hizi ndizo zitakazotoka kwenye betri.

Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu. Kwa hiyo 626 mara mbili ni 1,252, yaani volti 12 ampea-saa 104. N100, yaani betri ya ampea-saa 100, itakuwa inakimbia ukingoni kila siku. Chukua N120 au N150. Ya lithiamu fosfeti unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi: 626 gawanya kwa 0.8 ni 782, yaani ampea-saa 61 kwa volti 12.8. Sokoni utakutana zaidi na ya 100, ambayo kwa mzigo huu inafika saa sita na nusu.

Ukubwa wa inveta ni hesabu nyingine. Kwa wati 133 inveta ya wati 500 inatosha na kubaki. Kununua ya 3,000 "kwa ajili ya baadaye" ni hasara: inveta kubwa hula wati 20 hadi 50 hata bila kifaa chochote, na hizo zinatoka kwenye betri ileile.

6. Betri yangu haijai kabla umeme haujakatika tena. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali ambalo lilipaswa kuulizwa dukani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 iliyoshuka hadi nusu, ikiwa na chaja ya ampea 10, inahitaji saa 5 kurudisha sehemu kubwa, kisha saa 2 au 3 za polepole kumalizia, kwa kuwa betri ya aina hii ikikaribia kujaa inakataa mkondo mkubwa. Jumla saa 7 hadi 8. Mtaa wenu ukipata umeme saa 6 kwa siku, betri haitajaa kamwe. Betri ya risasi isiyojaa hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ndani ya miezi michache ile N100 inakuwa kama N40. Watu husema "betri feki", kumbe imekufa kwa njaa.

Dawa ni tatu. Chaja kubwa zaidi, lakini kwa betri ya maji usipite ampea 10 hadi 20 kwa kila ampea-saa 100. Paneli ya sola ya kumalizia kazi mchana (swali la 15). Au lithiamu, ambayo hupokea ampea 50 kwa betri ya 100 ikiwa mtengenezaji ameruhusu, na haidhuriki ikikaa nusu.

7. Kwa hiyo lithiamu ni bora?

Kwa mgao wa mara kwa mara, ndiyo. Betri ya risasi ya kushushwa hadi nusu hukupa mizunguko 300 hadi 500. Lithiamu fosfeti huanzia 2,000. Ukiitumia kila siku, ya risasi ni karibu mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, nyingine ni zaidi ya miaka mitano. Kama kwenu umeme unakatika mara mbili kwa mwezi, betri ya risasi iliyotunzwa bado ni chaguo la busara, na fundi wa kuijua yuko kila mtaa.

Joto nalo lina kauli. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi 25. Stoo ya bati Temeke au Likoni inafika nyuzi 35 bila shida.

8. Nina ruta tu ya kuokoa. Lazima ninunue inveta?

Hapana, na tafadhali usinunue. Ruta inatumia volti 12 (nyingine 9 au 5), na kuna UPS ndogo za ruta zenye ukubwa wa kitabu cha mfukoni zinazotoa volti hizo moja kwa moja. Yenye milliampea-saa 8,800 ina wati-saa karibu 32. Ruta ya wati 8 itakwenda saa 3 na nusu hivi. Kabla ya kuchomeka angalia mambo matatu: volti zilingane kabisa, ampea za UPS zisiwe chini ya za ruta, na plagi. Plagi nyingi ni za milimita 5.5 kwa nje, lakini tundu la ndani ni 2.1 au 2.5, ya 2.5 kwenye pini ya 2.1 inaingia vizuri kisha inapoteza mguso ukipita karibu na meza. Chanya iwe katikati, isipokuwa mchoro wa ruta yako unasema vingine.

Kama fiba yako ina viboksi viwili, vyote vinahitaji umeme. Watu huwasha ruta, taa ya Wi-Fi inawaka, na intaneti hakuna.

Pawabenki yenye waya wa kupandisha volti 5 hadi 12 nayo inafanya kazi kwa ruta ndogo. Ila nyingi hukata umeme kwa sekunde chaja inapoingia au kutoka, na ruta inajiwasha upya kila mara.

9. Ruta inawaka, viboksi vyote vinawaka, bado intaneti imekata. Kwa nini?

Vifaa vya kampuni ya intaneti mtaani, au mnara wa simu, navyo vina betri zao, na zikiisha zimeisha. Hapo wewe huna la kufanya zaidi ya kuwa na laini ya mtandao mwingine.

## Kufunga

10. Waya na fyuzi za ukubwa gani?

Hapa ndipo nyumba zinapoungua, kwa hiyo tutakaa kidogo. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unakaribia 95. Waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba hauwezi hata theluthi ya hapo. Kati ya betri na inveta ya wati 1,000 tumia waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, usiozidi mita moja na nusu. Ukihitaji zaidi ya wati 1,500, hamia mfumo wa volti 24. Mkondo unakuwa nusu, na waya unapungua pamoja nao.

Fyuzi ya ampea 125 ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 20. Inalinda waya, siyo inveta: panya akitafuna au koleo likianguka, betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti, na sakiti breka ya ukutani haioni lolote kwa kuwa haiko kwenye njia hiyo.

Vichwa vya betri vifungwe kwa spana, siyo kwa vidole. Baada ya nusu saa ya mzigo mkubwa gusa waya kwenye kiungo. Ukiwa wa moto kuliko sehemu nyingine, kiungo kimelegea au kina kutu.

11. Naweza kuchomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake?

Usithubutu. Waya wenye plagi za dume pande zote mbili unapeleka umeme wako nyuma hadi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaani inaupandisha kuwa maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Na umeme wa shirika ukirudi wakati inveta inasukuma, inveta inapasuka.

Nyumba nzima inafungwa kwa swichi ya chenjiova au kwa kutenga sakiti za taa na soketi chache kwenye bodi, laivu na nyutro zake zikitengwa na za sakiti nyingine. Mafundi husahau nyutro, kisha breka ya kukinga mshtuko inaanguka kila saa na lawama inakwenda kwa inveta. Tumia fundi mwenye leseni: Tanzania hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Usiache athi bila kuunganishwa.

12. "Pure Sine Wave", yaani wimbi safi, ni lazima?

Kwa kitu chenye mota au transfoma, ndiyo. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi. Feni itaunguruma na kupata joto, friji itapata taabu kuwaka, spika zitavuma. Chaja za simu, taa nyingi za LED na kompyuta mpakato huvumilia.

13. Betri niiweke wapi?

Ya maji iwe mahali penye hewa, mbali na jiko na swichi, kwa sababu inapochaji hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya haidrojeni inaweza kulipuka. Chini ya kitanda siyo mahali. Ya jeli na ya lithiamu haitoi gesi katika hali ya kawaida, lakini haipendi jua wala kufunikwa na nguo. Kwenye pwani, paka grisi kwenye vichwa; chumvi ya hewani hula risasi na shaba haraka.

14. Nimeona watu wanatoa betri ndogo ya UPS na kuunganisha betri ya gari. Inafaa?

Itawaka, ndiyo maana watu wanaendelea. UPS ya 650 VA ina betri ya volti 12 ampea-saa 7 na chaja ya karibu ampea moja. Ukiipa betri ya ampea-saa 70 iliyoshuka nusu, itachukua siku moja na nusu au zaidi kuijaza, na wewe huna siku moja na nusu. Pili, transfoma yake imetengenezwa kwa dakika chache za mzigo. Ukiiendesha saa tatu bila feni, inayeyusha vanishi ya nyaya zake, na harufu hiyo ndiyo onyo la mwisho. Tatu, betri ya gari ina sahani nyembamba za kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Kushushwa mara kadhaa kunaiua.

Betri ya UPS ikifa (kawaida baada ya miaka 2 au 3), badilisha kwa ya ampea-saa 7 au 9 yenye umbo lilelile.

15. Sola inaongeza nini?

Paneli ya wati 200 mahali penye jua zuri, tuseme sawa na saa 4.5 za jua kali, ukitoa vumbi, joto na upotevu, hukupa karibu wati-saa 630 kwa siku. Ni karibu sawasawa na ile sebule ya swali la 5. Kidhibiti chaji ni lazima, na kiwekwe kwenye aina ya betri uliyo nayo. Kwa lithiamu zima kabisa hatua ya kusawazisha seli kwa volti za juu; ni ya betri za maji tu.

## Matunzo na hitilafu

16. Nitajuaje betri imechoka?

Iache ipumzike saa 2 bila chaja wala mzigo, kisha pima kwa mita. Betri ya risasi: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ina njaa. Ikikaa karibu 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri, seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna maji wala dua itakayoirudisha. Ikionyesha 12.7 kisha ikaanguka chini ya 11.5 mara tu ukiweka runinga, sahani zimechakaa, au kiungo kimelegea. Kagua kiungo kwanza, hakigharimu kitu.

Lithiamu haisomeki kwa volti. Inakaa karibu 13.2 kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, kisha BMS, yaani saketi yake ya ulinzi, inakata ghafla. Tumia kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

17. Maji ya betri niongeze lini na yapi?

Kila mwezi fungua vifuniko. Sahani zisionekane nje ya maji. Ongeza maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, baada ya kuchaji, hadi kwenye alama. Usiongeze tindikali, haivukizi. Ya bomba, ya kisima au ya kunywa yana madini yanayoharibu sahani. Ukisikia harufu ya yai bovu, zima chaja, fungua madirisha: betri inachajiwa kupita kiasi au seli imekufa.

18. Naweza kuunganisha betri mpya na ya zamani?

Hapana. Ya zamani itaivuta mpya chini. Aina mbili tofauti ndiyo kabisa usijaribu.

19. Umeme ukirudi ndipo vitu vinaungua. Betri inasaidia?

Kiasi. UPS nyingi husahihisha volti kidogo, lakini inveta ya kawaida hupitisha umeme wa shirika jinsi ulivyo. Weka kile kifaa ambacho wengi huita friji gadi, chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 na kukata volti zikizidi. Mvua ya radi ikianza, chomoa, pamoja na waya wa antena.

## Mambo ya pembeni

20. Na friji?

Friji ya wati 150 inaweza kuvuta karibu 1,000 kwa sekunde chache ikiwaka, na friji ya ukubwa wa kati hula karibu uniti moja kwa siku. Unahitaji inveta ya wimbi safi ya wati 1,500 na, ukitaka iende siku nzima, betri ambayo peke yake ni kubwa kuliko ya sebule nzima. Kwa kukatika kwa saa nne, usiifungue tu, itabaki salama. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi karibu saa 48, na iliyojaa nusu, saa 24. Chupa za maji ya kugandisha ndizo betri ya friji iliyo rahisi kuliko zote.

21. Nyumbani kuna mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni.

Mashine ya lita 5 hula karibu wati 350 mfululizo. Kwa saa 4 ni 1,400, na pamoja na inveta ni takribani 1,650. Lithiamu ya volti 24 ampea-saa 100 inatosha na kubaki, kwa inveta ya wimbi safi ya wati 1,000. Mtungi wa oksijeni uwepo kando hata hivyo, na majaribio yafanyike mgonjwa akiwa kwenye mtungi, kabla ya siku ya shida.

22. Ndugu yangu yuko Marekani au Dubai, anataka kuniletea pawa steshini. Aniletee?

Ya soko la Marekani hutoa volti 120 na mizunguko 60. Feni za hapa, na runinga zisizokubali volti 120, hazitafanya kazi nayo vizuri, ingawa matundu yake ya USB na volti 12 yatafaa. Ya Dubai inalingana na umeme wetu. Tatizo ni ndege: abiria huruhusiwa betri ya lithiamu hadi wati-saa 100, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege, na juu ya hapo hairuhusiwi. Pawa steshini ya 500 itabaki uwanjani. Hiyo huja kwa meli kama mzigo wa hatari.

23. Lithiamu ya bei poa sana: nitatambuaje?

Kwa mzani. Lithiamu fosfeti halisi ya volti 12 ampea-saa 100 ina kilo 10 hadi 12 hivi, na ya risasi ya ukubwa huo inakaribia 30. Ukishika "100" yenye kilo 5, humo ndani kuna nusu au chini. Seli moja ya duara ya aina ya 18650 kwa kawaida haizidi milliampea-saa 3,600. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa na printa tu.

24. Betri ya zamani niifanyeje?

Ya risasi ina thamani: wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya. Ipeleke nzima, ikiwa wima. Usimuuzie anayeivunja uani, usimwage tindikali kwenye mtaro. Owino Uhuru, Mombasa, watoto na wazazi wao waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ya lithiamu iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iweke nje juu ya zege, mbali na kuta na vitu vinavyoshika moto, hadi aliyekuuzia aichukue.